Funga Ipi? Shajara ya Msamiati wa Hangani, Mwanza

11 Januari

Naanza kuandika leo kwa sababu ya jambo la jana hangani, jengo tunamotengenezea ndege. Ndege ndogo ya injini moja ilikuwa imemaliza matengenezo ya saa 100. Kabla ya kuiwasha nilimuuliza fundi wa zamu iliyotangulia, "Valvu ya kukatia mafuta vipi?" Akanijibu, "Imefungwa kaka, tangu asubuhi." Nikampa mwenzangu ishara awashe. Injini ikawaka vizuri, ikanguruma muda usiofika dakika moja, ikakohoa, ikazima. Ilikuwa imekunywa mafuta yaliyobaki kwenye mabomba, na nyuma yake hakukuwa na mengine. Mimi nilielewa "imefungwa" kwamba imerudishwa mahali pake baada ya kubadilishwa sili, ile ya kuzuia kuvuja. Yeye alimaanisha mafuta hayapiti.

Nilipaswa kuitazama kwa macho yangu. Orodha ya ukaguzi inasema hivyo, na nimeandika kwenye ripoti kwamba kosa ni langu. Hakuna aliyeumia. Lakini pampu inayoendeshwa na injini hulainishwa na mafuta yale yale inayoyasukuma, ikizunguka kavu inajila, kwa hiyo leo tumeishusha na kuikagua. Nusu siku imekwenda kwa neno moja.

Vitabu vyetu ni vya Kiingereza, kumbukumbu za ndege tunaziandika kwa Kiingereza, mtihani wa leseni nao vivyo hivyo. Kazi yenyewe tunaisema kwa Kiswahili, kutwa kucha, na hatujawahi kukaa chini kukubaliana Kiswahili hicho kinasema nini. Nataka tukubaliane. Nitaandika hapa tunavyokwenda.

14 Januari

Leo nimetembea na daftari mfukoni, kila "funga" niliyoisikia nimeiandika. Kabla ya chai ya saa nne nilikuwa nazo saba. Funga nati, yaani kaza. Funga injini, yaani ipandishe kwenye fremu yake. Funga kava. Funga waya, yaani sokota waya wa usalama kwenye vichwa vya bolti. Funga valvu, yaani zuia. Funga bomba: hapo mmoja alimaanisha kuliunganisha, mwingine alimaanisha kuziba mdomo wake vumbi lisiingie. Funga kazi, yaani tunawe mikono twende nyumbani.

Silaumu lugha. Nusu ya wanagenzi wetu wametoka gereji za Mabatini na Nyakato. Kule fundi na mwanafunzi wake wanainamia injini moja, wanaona kitu kimoja, na kidole kinamalizia sentensi. Hangani fundi wa jioni hamkuti wa asubuhi. Anakuta karatasi, au anakuta alichoambiwa mlangoni na mtu anayewahi daladala.

16 Januari

Tumekaa watatu baada ya kazi. Mwenzetu wa umeme wa ndege ndiye aliyeleta kipimo kizuri. Kiswahili kina tabia ya kutengua kitendo kwa kugeuza mwisho wa kitenzi: funga na fungua, ziba na zibua, kunja na kunjua, chomeka na chomoa. Akasema kitenzi cha hangani kikubaliwe iwapo kina mtenguo wake, na mtenguo huo uturudishe pale pale tulipoanzia. Haya, "funga injini", mtenguo wake nini? Ukisema "fungua injini" kila fundi Mwanza atachukua spana aichangue vipande. Hakuna atakayeelewa kwamba unataka aitoe kwenye ndege. Basi "funga" hapo imeanguka mtihani.

Tulivyoamua usiku huu: funga na fungua ni kwa valvu, milango na vifuniko tu. Kaza na legeza kwa nati na bolti. Ziba na zibua kwa midomo ya mabomba. Sokota na sokotoa kwa waya wa usalama. Pandisha na shusha kwa injini, kama gereji zinavyosema siku zote. Na kwa sehemu ndogo zinazorudishwa mahali pake, pachika na pachua.

Hili la mwisho limetugombanisha. Mzee wetu wa karatasi za alumini anasema pachika ni neno legelege, la kubandika picha ukutani, na kitu kilichopachikwa kinaweza kudondoka. Yeye anataka "rudisha". Tumebishana mpaka mlinzi akaja kuuliza kama tunalala humu. Nimeiandika na alama ya kuuliza.

19 Januari

Nimerudi kusoma kanuni za Kiingereza sahili cha mafundi ndege, ile inayoitwa ASD-STE100. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mashirika ya ndege ya Ulaya yaliwaomba watengenezaji waandike vitabu ambavyo fundi asiye Mwingereza ataweza kuvifuata, na mwongozo wa kwanza ulitoka 1986. Kamusi yake ina maneno ya kawaida takriban 900, kila moja na maana moja. Sentensi ya maelekezo isizidi maneno 20. Nimefurahi kukuta kwamba neno lao la kufunga mlango, "close", lina maana ya pili, "karibu", na maana hiyo ya pili imepigwa marufuku. Hata wenye lugha walilazimika kuikata kucha.

Sisi maneno 20 ni mengi mno. "Hazijakazwa" ni neno moja, nalo limekwisha kusema ni nyingi, kazi bado, na ni kazi ya kukaza. Tumeweka kikomo cha maneno 12.

27 Januari

Mafuta. Nilijua siku ya neno hili itafika.

Kuna mafuta ya kula, ya taa, ya kupaka, ya nyonyo, ya breki. Hangani "ongeza mafuta kidogo" inaweza kumpeleka mtu kwenye tangi la bawani au kwenye kijiti cha kupimia oili. Tangu leo "mafuta" peke yake hayaandikwi kwenye karatasi ya makabidhiano. Kuna oili ya injini, kuna hidroliki, kuna grisi, kuna petroli ya ndege, kuna mafuta ya jeti. Hizi mbili za mwisho ndizo zinazoua watu. Mafuta ya jeti ni ndugu wa mafuta ya taa. Yakitiwa kwenye ndege ya injini ya pistoni, injini huwaka kwa petroli iliyobaki kwenye mabomba, ndege ikatembea mpaka mwanzo wa njia ya kurukia, ikaondoka, na injini ikafa ikiwa hewani. Ni hadithi ile ile ya valvu yetu, isipokuwa sisi tulikuwa chini.

Asubuhi nilimwonesha mwanagenzi mpya jinsi ya kuteka sampuli. Saa kumi na mbili na nusu, umande umelala juu ya bawa, upepo wa ziwani haujaamka. Unasukuma kikombe cha plastiki angavu kwenye kidude kilicho chini ya tangi, petroli inaruka ndani. Petroli ya ndege ya daraja la 100LL imetiwa rangi ya bluu. Maji hayana rangi, na kwa kuwa ni mazito kuliko petroli yanazama. Tulipokiinua kikombe kwenye mwanga, chini palikuwa na tone la ukubwa wa punje ya hindi, linatikisika kama jicho, na bluu yote ikiwa juu yake. Kijana akasema, "Mafuta yametoa maji." Nikamwambia hapana, maji yametoka kwenye hewa iliyokuwa ndani ya tangi lisilojazwa jana jioni. Usiku ulipopoa unyevu ukajikusanya kwenye kuta ukashuka. Tukateka tena na tena mpaka kikombe kikawa bluu kitupu.

Kisha nikamuuliza: kikombe chote kikiwa hakina rangi hata kidogo? Akatabasamu, akasema hapo ni safi kabisa. Hilo ndilo jibu ninaloliogopa. Kisicho na rangi chote huenda ni maji matupu, hakuna mstari wa kukuonesha, au kuna mtu ametia mafuta ya jeti. Nimeandika chini ya "sampuli": tafuta bluu kwanza, ndipo utafute tone.

Na kipimo kiandikwe pamoja na namba, kila mara. Tarehe 23 Julai 1983 Boeing 767 ya Air Canada iliishiwa mafuta ikiwa futi 41,000. Waliobadilisha lita kuwa uzito walitumia 1.77, ambayo ni ratili kwa lita, wakidhani ni kilo. Kwa kilo ni takriban 0.8. Ndege iliondoka na chini ya nusu ya mafuta iliyohitaji. Rubani aliishusha bila injini kwenye uwanja wa zamani wa jeshi huko Gimli, Kanada, na watu wote wakapona.

3 Februari

Hakuna kilichofanyika. Zamu mbili mfululizo, na daftari limelowa mvua ukurasa wa kwanza hadi wa sita. Nimenunua jingine lenye jalada gumu.

8 Februari

Vijana wa gereji wanaita bolti kwa jina la spana yake. "Nipe bolti ya 13." Kwa gari hilo halina shida: spana ya 13 ni ya bolti yenye kipenyo cha milimita 8, na anayeuza duka la vipuri anajua hivyo. Kwenye ndege majina yanatoka kwenye kipenyo cha mwili wa bolti. AN3 ina kipenyo cha sehemu 3 kati ya 16 za inchi, na spana yake ni ya sehemu 3 kati ya 8. AN4 ni robo inchi. Kijana aliyezoea kuita kwa spana anasoma namba 3 anaitafuta kwenye kichwa cha bolti, na anakosea.

Niliwaeleza ajali ya 10 Juni 1990, ndege ya British Airways iliyotoka Birmingham kwenda Málaga. Siku moja kabla kioo cha mbele upande wa rubani mkuu kilibadilishwa usiku. Fundi alichukua bolti ya zamani akaenda nayo stoo, akalinganisha kwa macho, kwenye mwanga hafifu. Bolti zilikuwa 90. Zilizotakiwa ni A211-8D, na 84 alizoweka zilikuwa A211-8C, nyembamba kwa inchi 0.026, yaani kama milimita 0.66. Sita zilizobaki zilikuwa na kipenyo sahihi ila fupi mno. Zote zilikaza. Hesi zilishika kiasi cha kumridhisha mkono. Ndege ilipopanda, hewa ya ndani ikakisukuma kioo nje, na rubani mkuu akavutwa nusu mwili nje ya dirisha. Wahudumu walimshika miguu mpaka msaidizi wake akatua. Alipona.

Nilitoa bolti mbili zinazopishana kiasi hicho, nikawaambia mmoja mmoja wafumbe macho wazishike. Hakuna aliyejua ipi ni ipi. Wakafumbua macho wakaziangalia. Wawili kati ya watano bado walikosea. Baada ya hapo hakuna aliyebisha kuhusu kanuni: "saizi ile ile" halina nafasi kwenye msamiati wetu. Bolti inatajwa kwa namba yake yote, mpaka herufi ya mwisho, na namba inasomwa kwenye kitabu cha vipuri, kamwe isisomwe kwenye bolti iliyotoka.

15 Februari

Jumapili nimeshuka Mwaloni, Kirumba, wanakotengeneza mitumbwi. Nilikuwa na swali moja: kazi ya kujaza gundi-mpira kwenye maungio ya tangi la bawani ili mafuta yasivuje, tuiite nini? Sisi tunasema "kupaka silanti", na vijana wanaipaka kweli, kama rangi, juu juu.

Mzee mmoja alikuwa amelaza mtumbwi ubavuni. Nikamsalimu, shikamoo mzee, akaitikia bila kuacha nyundo. Alikuwa anasukumiza pamba kwenye mwanya kati ya mbao mbili kwa patasi butu, sentimita kwa sentimita, na kila pigo mlio wake ulibadilika kidogo kadiri mwanya ulivyojaa. Yeye anaita kuziba tu. Mimi nimekulia Tanga, na pwani kazi hiyo ina jina lake: kukalafati. Nilipomtajia alilirudia mara mbili, akasema ni neno linalofanana na kazi. Nimelichukua. Kukalafati ni kujaza mwanya mpaka ndani, kupaka ni kufunika juu. Kijana akiambiwa kalafati hatachukua brashi.

Upande wa pili nimepoteza neno. Mbao zilizopinda ndani ya chombo pwani tunaziita mataruma, na nilikuwa nimeshaziandikia nafasi yake: zile fremu zinazolipa bawa umbo. Mzee anaita mbavu. Hangani, mwanagenzi ukimwambia taruma anafikiria reli, na ana haki, treni imefika Mwanza tangu 1928 na mataruma anayoyajua yamelala chini yake. Nimeweka mbavu. Imeniuma kidogo, lakini msamiati huu ni wa watakaoutumia.

Nikiwa narudi nilikuwa nawaza jinsi ndege ilivyokwisha kukopa baharini bila kutuuliza. Rubani alikuwa mwongozaji wa vyombo kabla hakujawa na ndege. Abiria, shehena, usukani, vyote vimetoka majini.

24 Februari

Leo mwanagenzi wa Magu alikagua chini ya sakafu karibu na mlango wa mizigo, akaandika "Hakuna kutu." Alisema kweli. Kutu anayoijua ni ile nyekundu ya baiskeli na mabati, na nyekundu haikuwapo.

Nikamwita tukapiga magoti pamoja na tochi. Kuzunguka kichwa cha skrubu ya chuma palikuwa na duara la unga mweupe wa kijivu, kama unga wa muhogo uliomwagika. Hatua mbili mbele rangi ilikuwa imevimba malengelenge. Nilisukuma lengelenge moja kwa kwangulio la plastiki, likafunguka, na alumini chini yake ikanyanyuka kwa tabaka, kurasa kwa kurasa, kama kitabu kilicholowa na kukauka. Nikamwambia ashike. Ilivunjika vidoleni mwake. Alinyamaza muda mrefu.

Ndege hiyo hubeba samaki. Maboksi ya sangara yakivuja, maji ya barafu na ya samaki yanapita kwenye maungio ya sakafu yanakaa. Chuma na alumini vikigusana penye majimaji, alumini ndiyo inayoliwa. Kwa hiyo neno tulilolichagua ni ulikaji: alumini imelika, inalika, italika. Kutu tumekiachia chuma. Chini ya "ulikaji" nimeandika rangi tatu za kutafuta, nyeupe, kijivu, na rangi iliyovimba, na mahali pa kutafuta: kuzunguka vichwa vya chuma, chini ya mlango wa mizigo, chini ya choo.

Nimeongeza pia zebaki, maana huku kwetu haiko mbali. Wachimbaji wadogo wa dhahabu, Geita na kwingineko, wanaitumia kukamatia dhahabu, na chupa ndogo inaweza kuingia mfukoni mwa abiria. Alumini hujilinda kwa ngozi nyembamba inayojiunda yenyewe ikikutana na hewa. Zebaki ikigusa metali yenyewe inachanganyika nayo, ngozi haishiki tena, na ulikaji unaendelea kwenda ndani. Ndiyo maana imekatazwa kwenye mizigo ya abiria. Ikimwagika: usifagie, usipulize, ita mkuu wa zamu, ndege haitoki.

6 Machi

"Ndege imegongwa na ndege." Kwenye sentensi nzima ngeli inatuokoa: ndege amegonga, huyo ana manyoya, ndege imegonga, hiyo ina injini. Kichwa cha fomu hakina kitenzi, kwa hiyo hakina ngeli, na "Mgongano wa ndege" kikisomwa na mtu wa mnara wa kuongozea ndege atapiga king'ora. Korongo na mwewe ni wengi pembezoni mwa ziwa, fomu hiyo tutaihitaji. Nikapendekeza nyuni, neno la zamani la ndege wa angani. Kijana wa Magu akaruka: "Kwetu tunasema noni!" Limepita bila kura. Mgongano na nyuni.

15 Machi

Majaribio ya wiki mbili ya "rudisha", alivyotaka mzee wetu. Jana karatasi ilisema "swichi ya shinikizo: irudishwe". Kijana wa usiku akairudisha stoo. Ilikuwa imesafishwa tayari kwa kuwekwa kwenye ndege. Tumeitafuta saa nzima.

Mzee alifuata karatasi mwenyewe, akaikata "rudisha" kwa kalamu nyekundu, akaandika "pachika" juu yake. Ameomba tuongeze maelezo: kitu kimepachikwa pale tu bolti zake zote zimekazwa na waya wake umesokotwa. Kabla ya hapo kimeshikizwa. Shikiza nalo limeingia.

22 Machi

Maneno 64. Tumeyabandika ukutani karibu na kabati la vifaa, na nakala moja iko kwenye meza ya makabidhiano. Kinachoandikwa kwenye kumbukumbu rasmi kinabaki Kiingereza.

Leo jioni nimemkabidhi zamu fundi yule yule wa Januari. Ndege ile ile, valvu ile ile, tumebadilisha sili tena. Nimeandika: "Valvu ya kukatia mafuta imepachikwa. Imefungwa. Haijajaribiwa." Alisoma, akachukua tochi, akaenda kuitazama kwanza. Aliporudi akaniuliza, "Kaka, hapa mstari wa nne umeandika 'nimeangalia breki'. Umezikagua, umezipima, au umezitazama ukipita?"

Nilizitazama nikipita. Nimefuta, nimerudi kuzipima unene. Kesho tunaanza na "angalia".